Ghala limejaa, mtoto amedumaa: maswali kuhusu kipato cha familia, ulishaji na lishe ya mtoto mdogo

Maswali haya hurudi kila siku ya kliniki ya watoto, na hurudi tena kwenye makundi ya akina mama ya WhatsApp. Mtoto anayezungumziwa ni wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 3. Mifano ni ya Tanzania, hasa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu huko ndiko uhusiano wa fedha na sahani ya mtoto unakoonekana kwa uwazi zaidi.

Watoto wanadumaa kwa sababu wazazi ni maskini, au kuna lingine?

Ingekuwa ni umaskini peke yake, Iringa ingekuwa mahali pa mwisho pa kuutafuta udumavu. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha wengine: mahindi, viazi mviringo, maharage, na siku hizi parachichi la kusafirisha nje. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto waliodumaa chini ya miaka mitano ni asilimia 57 Iringa, na asilimia 50 hivi Njombe na Rukwa. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Mikoa yenye ghala ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao.

Ukikaa kijijini msimu wa kupalilia unaona inakuwaje. Shamba liko mbali, mama anatoka alfajiri na jembe, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaachiwa dada yake wa miaka minane. Chakula cha mchana ni kiporo cha ugali, au uji mwepesi uliobaki asubuhi. Mama akirudi jioni amechoka, kuni hazijatosha, chakula kinaiva saa mbili usiku na mtoto ameshalala. Maharage yapo, lakini ni ya kuuza. Mayai yapo, nayo ni ya kuuza, au yanasubiri kuatamiwa. Katika nyumba hiyo hakuna aliyeamua kumnyima mtoto. Siku nzima imepangwa kulizunguka shamba, naye mtoto anakula pale nafasi inapopatikana.

Kwa hiyo kipato hakina maana?

Kina maana, tena kubwa. Katika utafiti kama huo wa 2015/16, udumavu ulikuwa karibu watoto wanne kati ya kumi katika kaya maskini zaidi. Katika kaya zenye uwezo zaidi ulikuwa karibu mmoja kati ya watano. Anayesema "lishe ni elimu tu" hajawahi kuhesabu sarafu mbele ya muuza dagaa. Ila iangalie hiyo takwimu kutoka upande wa pili pia: mtoto mmoja kati ya watano wa familia zenye uwezo amedumaa, na hao hawakukosa hela ya yai.

Kinachosahaulika zaidi ni namna kipato kinavyoingia. Mkulima wa mahindi au wa miti ya mbao anaweza kupata milioni kadhaa mara moja kwa mwaka, na hela hiyo ikaenda kwenye bati, pikipiki, ada na madeni. Mtoto anakula kila siku, na hela ya kila siku haipo. Jirani mwenye mbuzi wawili wa maziwa na bustani ya mchicha kwa mwaka mzima huenda anaingiza kidogo kuliko yeye, lakini mtoto wake ana kitu kwenye sahani mwezi wa pili, wakati mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajakauka.

Halafu kuna suala la mkono unaoishika hela hiyo. Hela ndogo ndogo iliyo mikononi mwa mama, ya mbogamboga, ya vitumbua, ya kikoba, huwa na njia fupi zaidi ya kufika jikoni. Wanaume wanaosoma hapa wasikasirike. Wapo akina baba wanaonunua maziwa kabla ya vocha. Lakini kaya ambayo mama lazima aombe ruhusa kununua robo ya dagaa ina tatizo ambalo kuongeza kipato hakutaliondoa.

Serikali na mashirika wamehangaika na jambo hili tangu lini?

Tangu zamani. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1983 ulianza mpango mkubwa wa lishe Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa huo. UNICEF na Shirika la Afya Duniani waliuendesha pamoja na serikali kwa fedha za Italia, katika vijiji 168 vya mwanzo. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji, vikaanzishwa vituo vya kulishia watoto ili wale mara nyingi zaidi mama akiwa shambani. Utapiamlo mkali ulishuka sana. Mambo waliyojifunza huko yalichangia mfumo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990 na unaotumika duniani hadi leo: mtoto husimama kwa chakula, afya na matunzo, na kimoja kikikosekana viwili vilivyobaki havitoshi.

Mkoa uliozaa fundisho hilo ndio leo unaoongoza kwa udumavu. Tafsiri yangu ni kwamba chakula na zahanati viliongezeka, ila matunzo, maana yake muda wa mtu mzima kukaa na mtoto na kijiko, hayana bajeti wala mradi wa kuyajenga.

Nitajuaje kama mtoto amedumaa au ni mfupi tu kama baba yake?

Kwa kumpima urefu. Uzito peke yake hautoshi, na macho ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mtoto aliyedumaa huonekana mwenye umbo zuri, mnene kiasi, ila kama mdogo wa mwaka mmoja nyuma. Kijijini ambako nusu ya watoto wako hivyo hakuna atakayeshtuka.

Kwa makadirio, mtoto mwenye lishe nzuri anapotimiza miaka miwili huwa na urefu wa sentimita 86 au 87. Akiwa karibu na 80 au chini, mpeleke. Urithi wa wazazi huonekana zaidi baadaye. Katika miaka miwili ya mwanzo watoto wa mataifa yote wanaolishwa vizuri hukua karibu sawasawa, ndiyo maana kadi ya kliniki ina mistari ile ile kwa Mhehe, Mmasai na Mhindi. Mkiwa kliniki, omba mtoto apimwe urefu pia. Vituo vingi hupima uzito na kuishia hapo.

Mtoto wangu anakunywa uji asubuhi, mchana na jioni, na anashiba. Mbona haongezeki?

Kwa sababu anashiba maji. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kikombe kimoja hivi kwa mlo. Ukilijaza uji mwepesi wa mahindi unaomiminika kama chai, umechukua nafasi yote kwa chakula chenye nguvu kidogo sana, na mtoto atageuza uso akisema basi. Ni kweli ameshiba, ila mwili wake una njaa.

Uji wa mtoto wa miezi sita na kuendelea uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haudondoki haraka. Usiwekwe kwenye chupa ya chuchu, ambayo hulazimisha uji uwe maji na pia ni ngumu kusafishwa. Ukishaiva, uongezewe kitu kimoja chenye nguvu: kijiko cha karanga zilizosagwa, maziwa badala ya maji, yai lililokorogwa na kuchemka pamoja na uji, parachichi lililopondwa, au kijiko kidogo cha mafuta.

Kuna ufundi wa bibi zetu ambao unapotea bila sababu: kimea. Ulezi au mtama ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito kabisa, uache upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalainika bila kuongezwa maji, na nguvu yote imebaki ndani. Uchemshe tena kabla ya kumpa. Wataalamu waliupima ufundi huu Tanzania miaka ya 1980 na kuukubali, kisha likaja soko la unga wa pakiti na kimea kikabaki kwa watengeneza togwa na pombe.

Unga wa lishe wa nafaka kumi si ndio bora zaidi?

Hapa nitawaudhi wengi. Mahindi, mchele, ulezi, uwele, mtama na ngano ni ndugu wa kundi moja. Ukichanganya sita umepata nafaka, kama ungetumia mbili tu. Faida ingetoka kwenye karanga, soya na dagaa, na hapo ndipo matatizo huanza. Soya inahitaji kuiva muda mrefu kuliko unga wa mahindi. Isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa huleta gesi na kuhara. Karanga zikisagwa na kukaa mwezi mzima kwenye mfuko huchacha mafuta, na zikiwa na ukungu zinaharibu mfuko wote. Dagaa wenye mchanga wanasagwa na mchanga wao. Mtoto akipata mzio, hujui ni kitu gani kati ya kumi.

Maafisa lishe wengi wanashauri unga wa nafaka moja au mbili, ulezi na mahindi yasiyokobolewa kwa mfano. Karanga, maziwa au yai viongezwe wakati wa kupika, kila siku kwa zamu. Ni rahisi kuliko pakiti ya dukani, na unajua mtoto amekula nini. Kama umeshazoea kununua, soma tarehe na nunua mfuko mdogo.

Ale mara ngapi kwa siku?

Miezi 6 hadi 8, mara mbili au tatu, pamoja na kunyonya. Kuanzia miezi 9, mara tatu au nne, na kitafunwa kimoja au viwili katikati: ndizi, kipande cha kiazi kitamu, parachichi. Anyonye hadi miaka miwili au zaidi. Hata katika mwaka wa pili maziwa ya mama bado yanatoa kama theluthi ya nguvu anayohitaji, na ndicho chakula pekee ambacho bei yake haipandi mwezi wa Ramadhani.

Makundi ya vyakula tumeyasikia. Kwa familia ya kipato kidogo yanawezekana vipi?

Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde na karanga; maziwa; nyama, samaki na dagaa; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi; na mboga na matunda mengine. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate angalau matano kwa siku. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni orodha ya hoteli. Lakini mtoto anayenyonya, akala ugali laini kwa maharage yaliyopondwa na matembele, dagaa wachache waliosagwa juu yake, ameshafika matano. Hakuna nyama ya buchani hapo.

Kila eneo lina vyake. Ukanda wa Ziwa na Kigoma wana dagaa, na dagaa mzima anayeliwa na mifupa yake ana madini kuliko kipande kikubwa cha sangara. Kilimanjaro wana mtori, chakula cha mtoto kilichokamilika iwapo nyama itapondwa ndani badala ya kuishia kwa wakubwa. Pwani na Mtwara wana kisamvu na karanga, na nazi kwa nguvu. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe hasa, kwa sababu kibichi kina sumu. Singida na Dodoma wana mlenda, uwele na kunde. Nyanda za Juu wana maharage, maboga, na parachichi ambalo likikataliwa na mnunuzi wa nje kwa udogo linaweza kupondwa nyumbani. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa siku hizi vinapatikana mikoa mingi, na mbegu yake hugawiwa shamba kwa shamba.

Kinachokosekana zaidi ni madini ya chuma. Akiba ambayo mtoto alizaliwa nayo huanza kuisha karibu na miezi sita. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania chini ya miaka mitano wamekutwa na upungufu wa damu, malaria na minyoo vikichangia. Maini hata kijiko kimoja mara moja kwa wiki, dagaa, maharage yakiliwa na kitu chenye uchachu kama nyanya, chungwa au ukwaju: hivyo vinasaidia kuliko sharubati yoyote ya kuongeza damu inayouzwa bila kipimo.

Chai ya maziwa na mkate inafaa?

Kwa mtoto mdogo hapana. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na chai ya rangi na andazi ni sukari na ngano. Hela ya majani na sukari inatosha kununua maziwa fresh kikombe. Maziwa ya ng'ombe au mbuzi yachemshwe, na yasichukue nafasi ya chakula. Mtoto anayekunywa lita nzima hatakuwa na hamu ya kula.

Ni kweli yai moja kwa siku linaondoa udumavu?

Ecuador watafiti waliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha udumavu umepungua karibu nusu. Dunia ikashangilia. Kisha jaribio lilelile likafanywa Mangochi, Malawi, kandokando ya ziwa, na urefu wa watoto haukubadilika. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba watoto wa Mangochi walikuwa tayari wanakula samaki mara kwa mara. Yai linasaidia sana pale ambapo hakuna chakula kingine cha mnyama. Pale dagaa wapo, halina muujiza.

Kwa Mufindi au vijiji vya Sumbawanga vilivyo mbali na ziwa, ningeweka hela yangu kwenye yai. Na ile imani kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi ni njia ya zamani ya kulinda mayai ya kuuza. Ilifaa kipindi kile kwa wenye kuku.

Nyumbani kwetu nyama hupewa baba na wageni, watoto hupewa mchuzi. Ni vibaya?

Mchuzi una ladha na chumvi. Protini na chuma vimebaki kwenye mnofu. Kipande cha ukubwa wa vidole viwili kikikatwa vipande vidogo mno au kutwangwa kwenye kinu kinamtosha mtoto wa mwaka mmoja, na baba hatapungukiwa. Desturi ya sinia moja nayo ni nzuri kwa udugu lakini mbaya kwa mdogo kuliko wote, maana mkono wake ni mfupi na wenzake wana kasi. Awe na bakuli lake. Bakuli humwonyesha mama jambo ambalo sinia haliwezi kumwonyesha: mtoto amekula kiasi gani.

Wananiambia mtoto wangu amebemendwa. Nimpeleke kwa mganga?

Mpeleke zahanati, leo. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mtoto akikonda, akiharisha, nywele zikawa nyekundu na miguu ikavimba, basi wazazi wamekutana kimwili kabla ya wakati, au baba ametoka nje ya ndoa akarudi kumshika mtoto. Hizo ni dalili za utapiamlo mkali, kwashakoo au ukondefu, na wakati mwingine kifua kikuu au VVU ndivyo vilivyo nyuma yake. Zina dawa.

Ubaya wa neno hilo ni aibu inayokuja nalo. Mama anaogopa kumtoa mtoto nje asije akachekwa, mume na mke wanaanza kulaumiana, wiki tatu zinapita kwenye mizizi na kuogesha. Kuna chembe ya busara iliyofichwa ndani, kwamba mimba inayofuata haraka humwachisha mtoto ziwa mapema, na hilo kweli linadhuru. Busara hiyo inapatikana kwa uzazi wa mpango bila kumtuhumu mtu.

Ninafanya kazi kutwa. Mtoto analishwa na dada wa kazi. Nifanye nini?

Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 kwa mapacha, na baada ya hapo muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Akina mama wengi hawaombi saa hizo kwa kuogopa mwajiri. Mama lishe, muuza genge na kibarua wa shamba la chai hawana hata pa kuombea.

Maziwa ya mama yanaweza kukamuliwa asubuhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto la Dar es Salaam yatumike ndani ya saa nne, na kwenye friji yanakaa muda mrefu zaidi. Mtoto ayanywe kwa kikombe.

Kuhusu dada, neno moja. Wengi ni wasichana wadogo ambao hawajawahi kufundishwa kulisha, na wanafua, wanapika, wanafagia huku mtoto analia. Akimpa biskuti anyamaze, utamlaumu? Mwoneshe kwa mikono uji unavyotakiwa kuwa mzito, mwachie vitu vya kuongezea vimepimwa, na umpunguzie kazi nyingine wakati wa kulisha. Ukimwekea kamera sebuleni badala ya mafunzo umenunua ushahidi wa tatizo lilelile.

Mtoto anakataa kula. Nimkabe?

Usimbane pua wala kumlaza mapajani na kummiminia uji. Chakula kinaweza kuingia mapafuni, na mtoto anajifunza kwamba kijiko ni adhabu. Kaa mbele yake, mwongeleshe, mpe kidogo kidogo, mwache ashike chakula kwa vidole hata akichafuka. Chakula kipya huenda akakikataa mara nyingi kabla ya kukizoea. Akikataa ghafla kila kitu, angalia mdomo kama una vidonda, pima homa. Na angalia alichokula kabla: mtoto aliyemaliza juisi ya pakiti saa tano hana sababu ya kula saa saba.

Sisi tunajiweza. Mtoto anakula chipsi, soseji, juisi na biskuti kila akitaka. Tatizo liko wapi?

Liko hapo hapo. Kipato kikipanda mjini, kitu cha kwanza kubadilika mara nyingi ni vitafunwa. Mtoto anapata sukari, chumvi na mafuta, anaacha maharage na mchicha, na anaweza kuwa mnene huku hana damu ya kutosha. Juisi nyingi za dukani ni maji ya sukari yenye picha ya embe. Soda moja ya mtaani ina bei ya yai moja au zaidi.

Zaidi ya afya kuna heshima. Mzazi aliyekulia kwenye dhiki anaona kumnunulia mwanawe vitu vya pakiti ni kumtoa kwenye dhiki ile, na bibi akipika kisamvu anaambiwa mtoto huyu hali vyakula vya kijijini. Sina dawa ya hilo, ila nimeona watoto wakila kisamvu bila shida wakikaa karibu na bibi anayekila mwenyewe.

Tukijenga choo na kuchemsha maji, mtoto atarefuka?

Atakuwa salama zaidi, na mtoto asiyeharisha hapotezi alichokula. Lakini usitegemee choo peke yake. Katika jaribio kubwa la magharibi mwa Kenya, Kakamega, Bungoma na Vihiga, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2018, maji, vyoo na unawaji mikono havikuongeza urefu wa watoto. Watoto waliopewa nyongeza ya chakula pamoja na ushauri wa ulishaji ndio waliokua, tena kwa kiasi kidogo. Osheni mikono kwa sabuni, watenge kuku na mahali mtoto anapotambaa, mpe dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Na chakula kiendelee.

Mahindi yenye ukungu tukiyachambua na kuyakoboa yanafaa?

Yaliyo na ukungu hayafai, hata kwa kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haionekani na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa kiwango kidogo haiui, lakini inashukiwa kuzuia ukuaji wa watoto, na mtoto anayelishwa mahindi na karanga kila siku ndiye anayeipokea kwa wingi. Kausha juu ya turubai, usipukuchue yakiwa mabichi, hifadhi juu ya chaga. Familia nyingi huuza mahindi mazuri na kubaki na yaliyovunjika kwa ajili ya nyumbani. Gunia la uji wa mtoto litoke kwenye yale mazuri.

Kuna msaada gani kwa familia isiyo na uwezo?

Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kuanzia umri wa miezi 6. Katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, Juni na Desemba, watoto hupewa matone na dawa ya minyoo na hupimwa. Vijijini kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka. Muulize mhudumu wa afya wa jamii itakuwa lini. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, hupata ruzuku inayoambatana na sharti la kumpeleka mtoto kliniki. Halmashauri nazo zimeagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa mwaka kwa ajili ya lishe. Mwulize diwani wako zimetumikaje. Ni swali halali mkutanoni.

Mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, yaani rangi nyekundu kwenye utepe wa kupimia, au miguu yote miwili imevimba na kidole kikibonyeza kinaacha shimo, usisubiri siku ya kliniki. Matibabu yapo, pamoja na chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo mkali, na kwa sera ya nchi mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipishwa kwenye kituo cha serikali.

Mtoto ameshatimiza miaka mitatu na amedumaa. Nimechelewa?

Sehemu kubwa ya urefu uliopotea kabla ya miaka miwili hairudi kirahisi. Ila ubongo wake bado unajengeka, damu yake inaweza kurudi, na kucheza, kuzungumza na kusomewa vinamsaidia kweli. Usimjaze mafuta na sukari ukidhani unafidia. Utapata mtoto mfupi na mnene. Mpe mlo wa familia wenye mchanganyiko, na angalia zaidi anayemfuata, na tumbo la mama likiwa na mimba.

Leo nina shilingi elfu mbili tu na unga uko ndani. Ninunue nini?

Bei hutofautiana, lakini kwenye masoko mengi zitatosha fungu la dagaa, yai moja au mawili, fungu la matembele, na ndizi mbivu au kipande cha papai. Dagaa wachambue vichwa vyenye mchanga, waoshe kwa maji ya moto, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, uwatwange na uwaweke kwenye kopo: unga huo wa dagaa, kijiko kimoja kila mlo, utamfikisha mtoto siku nne au tano. Yai liende kwenye uji wa asubuhi. Matembele yapikwe kwa matone ya mafuta, muda mfupi. Kama zimebaki mia mbili, nunua nyanya.